Begi la Kurudi: Niliyojifunza Kwenye Kaunta ya Uwanja wa Ndege

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kupokea abiria wa safari za kimataifa jijini Dar es Salaam, kwanza katika jengo la zamani na baadaye katika Jengo la Tatu la Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, lililoanza kutumika mwaka 2019. Wengi waliosimama mbele yangu walikuwa watu waliomaliza likizo: wageni waliotoka kupumzika Zanzibar au kutazama wanyama, na Watanzania waishio nje waliokuja kuwaona wazazi, kuhudhuria harusi au kuhitimisha msiba. Kundi hilo la pili ndilo lililonigusa zaidi, kwa kuwa dada yangu mkubwa ni mmoja wao. Anaishi Ujerumani na mumewe na watoto, na kila wanapokuja likizo mimi ndiye ninayewasindikiza uwanjani siku ya kuondoka. Ninayoyaeleza hapa nimeyaona kutoka pande zote mbili za kaunta.

Begi la kuja likizo msafiri hulipanga mwenyewe. Hukaa nalo kwa wiki nzima, hulipima, hutoa hiki na kuongeza kile, na hujua soksi ziko upande gani. Begi la kurudi hupangwa na ukoo. Usiku wa mwisho nyumba hujaa watu. Shangazi analeta pakacha la maembe, jirani analeta bahasha ya kumpelekea mwanawe, mama amekaa sakafuni anashindilia vitu kwenye kona za sanduku, na msafiri mwenyewe yuko sebuleni akiaga wazee. Asubuhi anakabidhiwa begi limefungwa tayari. Hapo ndipo gharama inapoanza, kwa sababu kila kanuni ya usafiri wa ndege imewekwa kwa kudhani kwamba mwenye begi anajua kilichomo ndani yake.

Miongoni mwa maswali tuliyotakiwa kumuuliza kila abiria, lilikuwepo hili la kama begi amelipanga mwenyewe. Wengi hujibu ndiyo bila kufikiri, kwa kuwa wanahisi ndilo jibu linalotakiwa. Nakumbuka mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akirudi kwa mwanawe Ulaya baada ya kukaa nyumbani kwa miezi kadhaa, aliyenijibu ukweli. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama. Begi hili umelipanga mwenyewe?" Akasema, "Marahaba, mwanangu. Limepangwa na wajukuu. Mimi nilikuwa naaga watu." Tulilifungua pamoja, taratibu, pembeni ya foleni. Ndani tulikuta pawabenki ya mjukuu iliyosahauliwa katikati ya nguo, chupa ya samli iliyofungwa kwa gazeti, na unga wa dawa ya asili ndani ya kopo lisilo na maandishi yoyote, ambao yeye mwenyewe hakujua ulitoka kwa nani. Ukweli wake ulimwokoa. Kama angesema ndiyo, pawabenki, ambayo hairuhusiwi kwenye begi la kukabidhi, ingeonekana kwenye mashine ya eksirei baada ya yeye kuvuka uhamiaji, na begi lingeweza kubaki Dar es Salaam wakati yeye yuko angani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwambia dada yangu na kila anayeniuliza kwamba vitu vyote vya kuondoka navyo vitandazwe juu ya kitanda mchana wa siku ya kuamkia safari, kabla wageni hawajafika, na mkono wa mwisho kugusa begi uwe wa msafiri mwenyewe. Wazee hawakasiriki wakielezwa kwa heshima. Mama yetu mwanzoni aliona kama ananyimwa haki ya kumfungashia mwanawe, lakini alipoelezwa kwamba jina lililo kwenye begi ndilo litakaloitwa na askari, akawa yeye ndiye mkali kuliko sote.

Uzito ndio unaowaliza watu wengi zaidi, na ndio rahisi kuliko yote kuepukwa. Mashirika mengi huruhusu kilo 23 kwa kila begi la daraja la kawaida, ingawa idadi ya mabegi hutofautiana kulingana na tiketi na mahali unakokwenda. Juu ya hapo kuna kilo 32, kiwango ambacho kwa kawaida begi moja halivuki hata ukiwa tayari kulipa, kwa sababu kimewekwa kulinda migongo ya wapakiaji wanaobeba mizigo kwa mikono yao. Nimewaona watu wakitoa fedha taslimu wakidhani tatizo ni malipo, huku begi lao la kilo 36 likihitaji kugawanywa, na wao hawana begi la pili. Hapo hununua begi jipya pale pale uwanjani, kwa bei ya uwanjani, kisha hulilipia kama mzigo wa ziada. Ilhali nyumbani ingetosha kusimama juu ya mizani na begi mkononi, kisha kusimama bila begi, na kutoa tofauti. Asiyekuwa na mizani hupima dukani kwa muuza nafaka.

Sanduku gumu kubwa lenye magurudumu huweza kuwa na kilo nne au tano kabla hujaweka hata kitambaa. Ndiyo maana wazoefu hupenda lile begi jepesi la miraba tunaloliita shangazi kaja, na mimi sina neno baya juu yake, mradi zipu isiachiwe kazi peke yake. Lifungwe kamba pande mbili, kwani mikanda ya uwanjani hairehemu. Ikiwa unajua mapema kwamba utazidisha, nunua nafasi ya begi la ziada siku kadhaa kabla ya safari kupitia tovuti ya shirika, kwa kuwa mara nyingi bei yake ni nafuu kuliko ya kaunta. Na wanaopenda kuzungushia begi nailoni uwanjani wangoje kwanza lipimwe, wasije wakailipia mara mbili.

Kinachoniuma zaidi katika habari ya uzito ni kile ambacho watu huamua kuacha. Mtu akiwa amepiga magoti sakafuni, foleni ikimtazama na muda ukikatika, hufanya uamuzi mbaya. Nimeona doti za kanga zilizotolewa na bibi zikibaki mikononi mwa wasindikizaji, na mkoba wa unga wa sembe ukienda Ulaya, eti kwa sababu unga ulikuwa chini na haukufikika. Unga mweupe wa mahindi, mchele na maharage hupatikana katika maduka ya Waafrika na Waasia kwenye miji mingi mikubwa ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Kanga ya bibi haipatikani. Vitu vizito vinavyouzwa kule unakokwenda havistahili hata kufika kitandani.

Chakula ndiyo sehemu ambayo dada yangu alinifundisha mengi, kwa sababu mimi niliona mizigo ikiondoka tu, naye aliona inavyopokelewa. Likizo zao huangukia Desemba, na Desemba ni msimu wa maembe. Mwaka mmoja shangazi alimjazia begi dodo zilizochaguliwa moja moja, zimeviringishwa kwenye vitenge, kila moja ikiwa na ugumu wa kumwezesha kufika siku mbili baadaye ikiwa imeiva. Zilifika zote salama, na zote zikachukuliwa na maofisa wa forodha. Tangu tarehe 14 Desemba 2019, sheria za Umoja wa Ulaya zinataka karibu kila tunda, mboga, ua au mmea unaoingia kwenye mzigo wa abiria uwe na cheti cha usafi wa mimea kutoka nchi ulikotoka. Matunda yaliyosamehewa ni matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Embe halimo, na sababu yake inaeleweka kwa yeyote mwenye shamba. Yule nzi wa matunda aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na kusambaa kwa kasi barani Afrika hutaga mayai ndani ya embe, na kwa macho huwezi kuona chochote. Hapa Tanzania cheti hicho hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu baada ya ukaguzi, na kwa maembe sita ya kupeleka kwa watoto hakuna anayeona sababu ya kuhangaika hivyo.

Shangazi alilia aliposikia, na dada alilia zaidi. Lakini walipoisoma orodha hiyo pamoja, waligundua kwamba mlango haukufungwa wote. Nazi inaruhusiwa, na ndizi pia, jambo ambalo familia nzima haikulijua ingawa ndizi za kupika ndizo watoto walizokuwa wakizililia. Mboga ndizo zenye matatizo: kisamvu, matembele na mchicha mbichi vinahitaji cheti, sawa na mihogo na viazi vitamu. Viungo vilivyokaushwa kama mdalasini, iliki na pilipili manga havijawahi kumletea shida, hasa vikiwa kwenye pakiti zilizofungwa vizuri na kuandikwa jina.

Kwa nyama na maziwa, Ulaya haina mjadala kwa abiria anayetoka kwetu. Nyama kavu, sambusa za nyama, samli, jibini na maziwa ya aina yoyote havipiti, hata vikiwa vidogo, kwa sababu ya magonjwa kama ule wa miguu na midomo yanayoweza kuangamiza mifugo yao. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga yana msamaha wake wenye masharti. Samaki, kinyume chake, wana nafasi kubwa ajabu: abiria anaruhusiwa hadi kilo 20 za mazao ya uvuvi kwa matumizi yake, na samaki mbichi wakiwa wametolewa matumbo. Dagaa wa Kigoma wanaingia. Asali inaruhusiwa hadi kilo mbili. Kwa hiyo siku hizi shangazi huacha maembe, hukaanga dagaa wakakauka kabisa, huwatia kwenye ndoo ndogo ya sado yenye mfuniko na kuzungushia utepe wa gundi, na harufu haifiki kwenye nguo. Nilipoliona begi la dada likipita kwenye mizani mara ya kwanza likiwa limepangwa hivyo, nilifurahi kwa ajili ya shangazi kuliko kwa ajili ya msafiri.

Wanaokwenda Uingereza, Marekani, Oman au Falme za Kiarabu wasichukue orodha hii kama yao, kwa kuwa kila nchi ina kanuni zake na hubadilika. Marekani msisitizo ni kutamka ulichonacho: ukikiandika na ofisa akakikataa, unapoteza kitu, ukikificha kikapatikana, unaweza kutozwa faini. Wanaokwenda Falme za Kiarabu wachunguze hata dawa za maumivu, kwani zenye kodini au tramadol zinadhibitiwa vikali na huhitaji kibali. Na miraa, ambayo kwa Kenya ni biashara halali, ni haramu Uingereza tangu Juni 2014, kama ilivyo haramu hapa Tanzania.

Kinachokwenda kwenye begi la mkononi hakipaswi kuamuliwa na nafasi iliyobaki. Betri za lithiamu za akiba na pawabenki ni marufuku kwenye mzigo wa kukabidhi, kwa sababu betri ikishika moto katika sehemu ya mizigo hakuna anayeweza kuifikia, wakati ndani ya ndege wahudumu wanaweza kuimwagia maji na kuipoza. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Pawabenki iliyoandikwa 20,000 kwa kipimo cha milliampea-saa, kwa volti 3.7, ina wati-saa 74, hivyo inapita. Ya zaidi ya wati-saa 100 hadi 160 inahitaji idhini ya shirika, inayozidi hapo hairuhusiwi, na isiyo na maandishi yoyote inaweza kunyang'anywa. Tazama pia mifuko ya nje ya begi, mahali ambapo watoto huchomeka vitu na kusahau.

Dawa za kila siku ziwe mkononi pamoja na karatasi ya daktari. Insulini hasa haifai kabisa kuwa kwenye mzigo wa kukabidhi, kwa kuwa inaweza kuganda kwa baridi na kuharibika, na begi likichelewa mgonjwa hana cha kujidunga. Nilimhudumia baba mmoja aliyekumbuka dawa zake begi likiwa limekwishaingia kwenye mkanda. Tulifanikiwa kulirudisha kwa sababu alisema mapema, na mpaka leo nawasihi watu waseme, hata kama wanaona aibu. Dhahabu nayo ni hivyo hivyo. Wanawake waliokuja harusini huweka bangili na mikufu ndani ya sanduku wakidhani huko ndiko kuna usalama, ilhali masharti ya mashirika mengi yanakataa kuwajibika kwa vito, fedha na hati vilivyomo kwenye mzigo uliokabidhiwa. Kama ni ya thamani, ivaliwe au ibebwe. Pasipoti, vibali vya ukaazi na funguo za nyumba ya kule, vyote nimewahi kuviona vikitafutwa ndani ya begi lililofungwa kamba mara tatu.

Kuhusu vimiminika, kanuni ya mililita 100 kwa begi la mkononi imekuwepo tangu mwaka 2006, na ingawa viwanja kadhaa vyenye mashine mpya vimeilegeza, anayeunganisha ndege hupimwa kwa kanuni ya kila kiwanja anakopita. Watu huelewa maji na manukato, lakini hawakumbuki kwamba asali, achari, siagi ya karanga na losheni vinahesabiwa humo humo. Manukato ya duka la uwanjani hufungwa kwenye mfuko maalumu pamoja na risiti; mfuko huo usifunguliwe mpaka mwisho wa safari.

Wageni wanaotoka Zanzibar hubeba kombe, matumbawe na wakati mwingine vitu vya magamba ya ng'amba walivyouziwa ufukweni. Ng'amba, kama kasa wote wa baharini, yuko katika orodha kali kabisa ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliosainiwa Washington mwaka 1973, na matumbawe magumu na makombe makubwa ya jamii ya tridakna yamo katika orodha ya pili inayodai kibali. Kisingizio cha kuyaokota mchangani hakimsaidii mtu mbele ya ofisa. Viacheni baharini.

Wanaoanza safari ya kurudi kutoka Zanzibar, Mafia au mbugani wana mtego mwingine. Ndege ndogo za ndani mara nyingi huruhusu kilo 15 tu, katika begi laini, na tiketi iliyonunuliwa peke yake haitambui kilo 23 za ndege kubwa. Anayeshika tiketi mbili tofauti pia hulazimika kuchukua begi lake Dar es Salaam na kulikabidhi upya, na kila kilichozidi hulipiwa mara mbili. Tena, kabla ya kuondoka, bandueni lebo zote za safari ya kuja, pamoja na zile stika ndogo zenye mistari zilizobandikwa ubavuni. Mashine ya kuchagua mizigo inaweza kusoma ya zamani, na begi la Frankfurt likapelekwa njia nyingine.

Begi likichelewa au likivunjika licha ya yote hayo, msiondoke kwenye ukumbi wa mizigo bila kuandikisha taarifa na kupewa namba yake. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaotumika katika sehemu kubwa ya safari za kimataifa, unampa abiria siku saba tangu alipopokea begi kulalamika kuhusu uharibifu, na siku 21 tangu alipolipata begi lililochelewa. Begi ambalo halijafika baada ya siku 21 tangu siku lilipotakiwa kufika, abiria anaweza kudai kama lililopotea. Kikomo cha fidia kwa abiria mmoja tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519, kipimo cha fedha ambacho thamani yake hutangazwa na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mashirika huomba ushahidi wa vitu vilivyokuwemo. Ndiyo maana dada yangu, vitu vikiwa bado vimetandazwa kitandani, huvipiga picha kwa simu, kisha hupiga picha begi lililofungwa na kile kipande cha lebo anachobandikiwa kwenye kadi ya kupandia ndege. Malalamiko yaandikwe na kutumwa ndani ya siku hizo. Simu ya huduma kwa wateja, hata ikipokelewa kwa upole kiasi gani, haihesabiki kuwa madai.